Maswali na Majibu: Karanga zimeota kuvu, je, udongo wa mnadani utaondoa sumu?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Urambo, Tabora. Msimu huu nimevuna magunia manne ya karanga. Ili zisitutoe vidole wakati wa kumenya, mawili tuliyarowesha maji kidogo tukayafunga kwenye viroba. Msiba ukaingilia kati, tuliporudi tukazikuta zimeota ukungu wa kijani. Nimeziosha kwa maji ya magadi nikazianika upya, na sasa ziko safi, hata harufu hazina. Jirani anasema nikizikaanga sana hazina neno. Mnadani napo kuna kijana anauza unga wa udongo wa kuondoa sumukuvu, anasema chuo kikuu cha Marekani kimeuthibitisha. Je, niutie kwenye uji wa lishe wa mjukuu wangu wa miezi kumi? Zitakazobaki niuze, au niwape kuku?

JIBU: Shikamoo mama, na poleni kwa msiba. Nianze na mjukuu: uji wa karanga hizo usimpe, na udongo huo usimtilie. Mengine tutayazungumza taratibu.

"Sasa ziko safi." Kauli hii naisikia kila mwaka karanga zinapotoka shambani, na ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko ukungu wenyewe. Ulichokiosha wewe ni kuvu. Kuvu ni kiumbe hai, na huyu wa kijani tunayemwogopa kwenye karanga na mahindi huitwa Aspergillus flavus. Anapokula punje hutoa kemikali, ndiyo hiyo sumukuvu, inayozama ndani ya nyama ya punje. Magadi yamemtoa juu, jua limemmaliza, lakini alichokwisha kukitoa kimebaki pale pale. Kumfukuza aliyetia sumu kisimani hakusafishi kisima.

Tena kuosha kumeongeza tatizo. Kabla hujaosha, jicho lako lilikuwa na kazi ya kufanya: hii ina kijani, tupa, hii imesinyaa, tupa, hii nzima, weka. Sumukuvu haijisambazi sawasawa gunia zima. Mara nyingi punje chache ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu yote. Ndiyo maana kuchambua kwa mkono kunasaidia sana, na ndiyo maana pia mtu akiniletea kiganja kimoja cha karanga nimpimie, jibu lake halisemi lolote kuhusu gunia. Sasa punje mbaya na nzima zote zimetakata, na alama uliyokuwa unaihitaji imekwenda na maji ya magadi.

Jirani naye na kikaangio chake. Kemikali hizi huanza kuvunjika kwenye joto la nyuzi 237 hivi kwenda juu. Maji ya ugali na uji huchemka kwenye nyuzi 100, na hapa Tabora, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, hata hizo 100 hayafiki. Kukaanga kavu hupunguza sehemu ya sumu, lakini karanga ambayo imekaangwa mpaka sumu yote iishe haitakuwa karanga tena, ni mkaa. Kuhusu magadi, kuna ukweli kidogo ambao watu wameuchukua nusu. Kule Mexico mahindi hupikwa kwa maji ya chokaa, ambayo ni alkali kama magadi, na vipimo huonyesha sumu imepungua. Watafiti walipoyaweka mahindi hayo kwenye asidi kama ile ya tumboni, sehemu ya sumu iliyokuwa imefichika ikarudi. Hiyo sehemu ya pili hairushwi kwenye makundi ya WhatsApp.

Nije kwa kijana wa mnadani, maana huyu ana wenzake wengi na maneno yake si uongo mtupu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Ni kweli kwamba watafiti wa chuo kikuu cha Texas A&M wamechunguza udongo unaonasa sumukuvu tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Ni kweli pia kwamba walikwenda Ghana, wakawapa watu kwa miezi mitatu, na dalili za sumukuvu kwenye damu na mkojo zikashuka. Lakini udongo wenyewe ulikuwa aina moja maalumu, umesafishwa, umepimwa madini hatari, ukapimwa uzito na kufungwa kwenye vidonge. Waliomeza walikuwa watu wazima, chini ya uangalizi. Sumu ilipungua, haikuisha. Wa kijana wako umechimbwa wapi? Nani ameupima? Geita watafiti walichunguza udongo unaoliwa na wajawazito kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, matokeo yakachapishwa mwaka 2014: ulikuwa na arseniki. Mtoto wa miezi kumi anayelishwa kitu kama hicho kila asubuhi ameongezewa sumu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Huwa nawauliza wanaonitumia sauti za "chuo kikuu kimegundua" kama wamewahi kusikia ya Guinea. Hakuna aliyewahi. Guinea ya Afrika Magharibi, watafiti walichukua vijiji 20 vinavyolima karanga. Kumi wakawaacha waendelee kama kawaida. Kumi wakawafundisha mambo ambayo bibi yangu angeyaona ya kawaida mno: chambua kwa mkono, anika juu ya mkeka na si juu ya udongo, hakikisha zimekauka kweli, hifadhi kwenye magunia ya katani badala ya viroba vya plastiki, yainue kwenye kichanja, zuia wadudu. Miezi mitano baada ya mavuno wakapima damu za watu. Katika vijiji vilivyofundishwa, kiwango cha sumukuvu kilikuwa chini ya nusu ya kile cha vijiji vingine. Matokeo yalitoka mwaka 2005 katika jarida la kitabibu la Lancet. Hakuna unga wa kuuza ndani yake, basi hayana mpiga debe.

Wapo watakaosema, mbona tumekula karanga hizi tangu enzi za mababu na hatujafa. Mwaka 2016 watu waliugua Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu nyingi; wagonjwa 68 walihesabiwa, 20 wakafariki. Hiyo ni ile inayokuja kwa kishindo. Inayotusumbua zaidi haina kishindo: kidogo leo, kidogo kesho, miaka ishirini, halafu saratani ya ini. Kwa mwenye virusi vya homa ya ini B, hatari hiyo huongezeka kwa mara kadhaa, kwa hiyo chanjo za mtoto zisirukwe. Tafiti za Benin na Togo nazo zilikuta watoto wadogo waliodumaa wana sumukuvu nyingi zaidi kwenye damu. Uji wa lishe tunaoutukuza huchanganya mahindi na karanga, mazao mawili yanayoongoza kwa sumu hii, na tunampa anayekula uji huo huo kila siku.

Sasa karanga zako. Yale magunia mawili yaliyoota ukungu ukayaosha, usile, usiuze, fukia au choma moto. Najua ni hasara. Usiyapeleke kwa mkamuaji pia: mafuta ya mtaani hayasafishwi kama ya kiwandani, na mashudu hubaki na sehemu kubwa ya sumu. Kuku wako je? Sumu hii ilijulikana mwaka 1960 pale Uingereza walipokufa batamzinga zaidi ya 100,000, na chanzo kikaonekana ni chakula chenye mashudu ya karanga. Ng'ombe akila, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na maziwa hayo nayo hayasaidiki kwa kuchemsha. Mawili ambayo hukuyarowesha, mwaga juu ya turubai, chambua mchana kwenye mwanga, toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa na zilizotobolewa na wadudu. Hizo unaweza kula. Za mjukuu chambua mara mbili.

Kama kuna aliyekwisha kula zile nyingine na sasa anatapika, tumbo linajaa au macho yamekuwa ya njano, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kusiwe na kituo kwa mganga wala mnadani.

Kosa lenyewe, mama, lilikuwa kurowesha, na hapo siwasemi ninyi wa Urambo peke yenu. Ganda kavu la karanga ni kinga; unyevu ndio mlango. Karanga zinatakiwa zikauke mpaka unyevu ubaki kama asilimia 7, sisi tunazirudishia maji kwa makusudi kisha tunazifunga kwenye kiroba kisichopumua. Vikundi vyenu vichangiane mashine ya kumenya ya mkono, au mmenye kidogo kidogo zikiwa kavu. Wale wanaouziwa mifuko ya kuzuia hewa wajue haikaushi kitu: kilichoingia kibichi kitaozea humo. Kwa mahindi, kabla ya kufunga, weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Kuna na wanunuzi wanaonyunyizia maji ili mzani uwe mzito, na wengine humwambia mkulima alete zimemenywa kwa maji kwa sababu punje hazivunjiki. Akikutaka hivyo, beba karanga zako urudi nazo nyumbani.