Hukumu ya kahawa iliyopita tumboni mwa fungo

Swali: Assalaam alaykum, sheikh wetu. Mimi ni mkazi wa Bombo, hapa Uganda, na nina shamba la kahawa upande wa Luwero. Nyakati za mavuno fungo huingia usiku na kula matunda mabivu, na asubuhi tunakuta kinyesi chake kimejaa punje nzima. Mfanyabiashara mmoja amenieleza kwamba kahawa ya namna hii huuzwa ghali sana huko Indonesia, naye yuko tayari kuinunua. Amenishauri pia niwafungie fungo katika vizimba ili ipatikane nyingi. Jirani yangu wa ukoo wa Ffumbe, ukoo wa Waganda ambao mwiko wao ni fungo, amekasirika. Je, ni halali kuinywa na kuiuza?

Jibu: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu yangu, punje hizo si najisi kwa asili yake, bali ni kitu twahara kilichopatwa na najisi, na kitu cha namna hiyo hutwaharika kwa kuoshwa. Kinyesi cha fungo ni najisi, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi hatutofautishi hapo kati ya mnyama aliwaye na asiyeliwa. Lakini tumbo la fungo humeng'enya ganda jekundu na ute mtamu tu, na punje hutoka ikiwa bado imefungwa katika ganda lake gumu la ndani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika kitabu chake cha fiqhi, al-Majmuu, kwamba mnyama akila punje kisha ikamtoka nzima, hutazamwa ugumu wake: ikiwa imebaki imara kiasi kwamba ingepandwa ingeota, basi ni twahara na huoshwa nje yake, na ikiwa ugumu huo umekwisha na haiwezi tena kuota, basi ni najisi. Kipimo hiki wewe mkulima unakiweza kuliko mimi ninayeshinda na vitabu. Panda chache kitaluni uone. Baraza la Maulamaa la Indonesia lilipoulizwa kuhusu kahawa hiyo mwaka 2010, lilitoa hukumu kwa msingi huo huo, likaruhusu kuinywa, kuitengeneza na kuiuza baada ya kutwaharishwa.

Kuhusu kuosha, nakuomba uwe makini, kwa sababu hapa ndipo watu hufanya uzembe. Zichambue punje, uache zilizopasuka, kisha uzimiminie maji safi mpaka rangi na harufu ya kinyesi ziondoke, nawe ufanye hivyo kabla ya kuzikoboa. Ukikoboa kwanza, uchafu utaigusa punje yenyewe na itakulazimu kuosha upya. Wapo wanaodhani kwamba moto wa kukaangia unatosha, lakini kwa madhehebu yetu moto hautwaharishi kilichonajisika.

Huenda nafsi yako ikaona kinyaa, na hilo halina lawama. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliandaliwa nyama ya kenge wa jangwani akaacha kuila kwa kuwa haikuwa chakula cha nchi ya watu wake, na sahaba wake Khalid bin Walid akaila mbele yake bila kukatazwa. Kinyaa cha mtu hakiharamishi kitu. Tena Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratun Nahl kwamba hutunywesha maziwa safi yatokayo baina ya kinyesi na damu. Aya hiyo siitaji kuwa ndiyo dalili ya hukumu hii. Naitaja ili moyo utulie.

Sasa nije kwenye vizimba, na hapa ndugu yangu siwezi kukulegezea. Asili ya biashara hii huko Sumatra na Java, visiwa vya Indonesia, ilikuwa watu kuokota kinyesi cha mnyama aliye huru msituni. Bei ilipopanda, wanyama wakaanza kutegwa na kufungiwa, na mwaka 2013 waandishi wa BBC walionyesha hali mbaya ya vizimba hivyo. Fungo ni mnyama wa usiku, hutembea peke yake, hula panya, wadudu na matunda ya aina nyingi. Kumfungia mahali pembamba na kumlisha kahawa siku nenda siku rudi ni kumtesa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mwanamke aliingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Tazama kwamba kosa halikuwa kumwua kwa silaha, bali kumfungia. Isitoshe, sifa ya kahawa hii kwa wanunuzi ni kwamba fungo huchagua mwenyewe tunda lililoiva vizuri, na aliye kizimbani hachagui kitu. Ukimwuzia mtu kahawa ya kizimbani kwa jina la kahawa ya msituni, umeongeza udanganyifu juu ya dhuluma.

Basi okota kile anachokiacha fungo shambani kwa hiari yake, osha, uuze. Mwambie mnunuzi wazi kahawa hiyo imetoka wapi na imeoshwaje, wala usiichanganye na kiboko ya kawaida, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, ili kuongeza uzito. Mfanyabiashara akishikilia vizimba, mwache aende zake.

Ama jirani yako, mwiko wa ukoo wake si hukumu ya sheria na haukuharamishii kahawa hiyo. Lakini mtu aliyelelewa kutomdhuru mnyama ana haki ya kusikilizwa, na katika jambo la vizimba yeye yuko upande wa haki. Nenda ukamweleze kwamba hutawafunga, kabla hajasikia vingine kwa watu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.