Sarafu za Tabora za 1916: nianzie wapi kukusanya hela zilizogongwa kwetu?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama ni kweli Tabora iliwahi kugonga sarafu zake, na kama mtu wa Tabora anaweza kukusanya hizo tu asihangaike na nyingine. La kwanza ni kweli kabisa. La pili nalifanya mwaka wa 11 huu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kabla ya vita ya kwanza ya dunia Wajerumani walileta sarafu kutoka kwao. Ukishika heller ya miaka ile utaona herufi ndogo ya mji ilikogongwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. (Na ndiyo, neno "hela" unalolitamka kila siku limetoka hapohapo; heller 100 zilikuwa rupia moja.) Vita ilipoanza 1914, Waingereza wakaziba njia ya bahari. Sarafu mpya haziji, huku askari wanadai mshahara na sokoni chenji hakuna. Mwaka 1916 Wajerumani wakaamua kugonga wenyewe kwenye karakana ya reli ya Lulanguru, jirani na mji wetu. Reli ilikuwa imefika Tabora 1912 tu. Herufi waliyoiweka ni T. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini, kazi ikaishia hapo.

Sasa angalia bahati yako. Mtu wa Berlin akitaka kukusanya sarafu za mji wake atazeeka hajafika nusu. Wewe una mwaka mmoja na aina tatu: heller 5, heller 20, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo.

Wengi wanaanza kwa kumtamani tembo, na mimi nilianza hivyohivyo. Ni sarafu nzuri kweli: tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilitoka kama 16,000 tu, na wanaoitaka wako dunia nzima, ndiyo maana za bandia zimejaa. Yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba ni ya marehemu babu yake. Niliipeleka kwa sonara kupima, ikaja chini ya gramu 6, wakati halisi ina gramu 7 na kidogo. Sonara hakusema neno, alinirudishia tu na kuendelea na kazi yake. Tangu siku hiyo sinunui tembo bila mizani, na kusema kweli sijanunua mwingine.

Kwa maoni yangu utamu wote uko kwenye heller 20. Hiyo ndiyo sarafu ya watu, iliyopita mikononi mwa wapagazi na wauza mihogo. Waliigonga kwa madini yoyote yaliyopatikana, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga, ndiyo sababu nyingine ni za shaba nyekundu na nyingine za shaba ya njano. Uzito nao hauko sawa. Ukiweka mbili kwenye mizani moja inaizidi nyingine waziwazi, na hilo peke yake lisikutie shaka. Mihuri ya kugongea ilichongwa kwa mkono, ikichakaa inachongwa mingine, na mchongaji harudii kitu kilekile mara mbili. Kwa hiyo tazama upande wenye D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, jina la koloni kwa Kijerumani): taji ni kubwa au dogo? Kisha geuza, usome neno HELLER. Zile L mbili, ncha zake zimechongoka au zimejikunja? Zipo ambazo zote zimechongoka, zipo ambazo zote zimejikunja, na zipo ambazo imejikunja ya pili tu. Changanya hayo na mataji mawili na rangi mbili za shaba, utaona kwa nini mtu anaweza kukaa na sarafu "moja" miaka 11 asichoke. Mke wangu anasema nina sarafu 14 zinazofanana. Hazifanani hata mbili.

Heller 5 ni chache kuliko hizo, kama laki tatu tu ziligongwa, ila hazina mengi ya kutazama. Ukipata moja safi inatosha.

Watu wa Kilwa watakuja hapa kusema walitutangulia, na ni kweli, kwa mamia ya miaka. Sarafu zao za shaba za Sultani Ali bin al-Hasan hadi maandishi yake yana vina, upande mmoja ukiitikia mwingine. Lakini zile hutoka ardhini kwenye magofu, na hiyo ni mali ya taifa. Mtu akikuletea sarafu zikiwa bado na udongo, achana naye.

Kosa langu lililoniuma zaidi halikuwa hata la tembo. Bibi mzaa mama alikuwa na heller 20 kwenye mkebe wa vifungo, ya shaba nyekundu, imefunga rangi ya kahawia iliyokolea. Aliponipa niliisugua kwa limao na chumvi mpaka ikang'aa kama kijiko. Nilijiona fundi. Ile rangi ya miaka mingi ilikuwa nusu ya thamani yake, na hairudi. Ninayo bado, siwezi kuiuza wala sitaki, ila kila nikiipanga na wenzake inaonekana kama imetoka dukani jana.

Umesema mjomba wako anayo moja nyumbani. Mwombe asiioshe hata kwa maji. Piga picha ya karibu ya lile neno HELLER mchana kwenye mwanga wa dirishani, iweke hapa, tuzione hizo L.