Msikubali programu iunganishe majalada ya wagonjwa kwa majina

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema hospitali yenu huko Njombe inaunganisha mfumo wa wagonjwa na ofisi ya ustawi wa jamii, ili maafisa waone nani anastahili msamaha wa matibabu na nani afuatiliwe nyumbani, na kampuni imewaahidi kwamba programu italinganisha majina na tarehe za kuzaliwa yenyewe. Kipengele hicho kitoeni kwenye mkataba. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Sisi tulikiacha kwenye mkataba wetu. Aliyetuuzia mfumo aliapa mbele ya uongozi kwamba programu haikosei, tukasaini. Hakuwahi kukaa dirisha la mapokezi hata asubuhi moja. Angekaa, angejua kwamba kuanzia Makete mpaka soko la Mwanjelwa, Mbeya, ukiita "Sanga" nusu ya benchi inasimama. Angejua kwamba bibi asiyekumbuka siku aliyozaliwa huulizwa umri tu, mfumo ukamjazia 1 Januari. Mwakyusa wa kituo hiki ni Mwakiusa kituo cha pili, na namba ya simu ni ya kijana aliyeko Tunduma, imeandikwa kwenye majalada ya ukoo mzima.

Programu ikakuta mama wawili wenye majina yale yale, mwaka ule ule, 1 Januari, ikawafanya mtu mmoja. Mmoja alikuwa mteja wa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, anayetumia ARV, mwingine ana kisukari na hana VVU. Yule wa CTC alipohamia kliniki nyingine akahesabiwa mtoro wa dawa, jina likaenda ustawi, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii akatumwa kumfuatilia. Akapiga hodi kwa mama wa kisukari, wakwe wamekaa barazani. Mama alipima tena, majibu hasi, lakini kijijini nani anatangaza majibu hasi? Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na VVU, juu kuliko mikoa yote. Kosa kama hilo kwenu halitakawia.

Na yule wa CTC jalada lake likaonyesha dawa za kisukari. Daktari wa zamu angezirudia tu kama zilivyoandikwa, angeweza kumshusha sukari mpaka azimie.

Tukamwambia jamaa ayatenganishe. Akajibu haiwezekani: programu ikiunganisha hufuta namba ya zamani ya jalada, na nakala ya akiba ilikuwa tayari imefunikwa na mpya. Watu wa masjala wakarudi kwenye makaratasi, jalada kwa jalada. Yeye simu zetu akaacha kupokea. Mpaka leo nikimkumbuka nachemka.

Kwa hiyo programu ipendekeze tu, mtu wa masjala athibitishe kwa kumuuliza mgonjwa mwenyewe, na namba ya zamani isifutwe kamwe. Kila kituo kibaki na namba yake. Pembeni liwepo jedwali linalosema namba hii na ile ni mtu mmoja, nani alithibitisha na lini, ili mkikosea mfute mstari mmoja mambo yarudi yalivyokuwa. Msidanganywe kwamba namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, itawamalizia kazi, watoto wengi hawana namba hiyo.

Afisa ustawi naye wa dawati la msamaha anahitaji kujua huyu ni nani, ana umri gani na anastahili kwa kigezo kipi. Ugonjwa haumhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye taarifa nyeti, na sheria ya UKIMWI ya 2008 ilishadai usiri tangu zamani.

Kuhusu seva na mafunzo uliyouliza, wengine watakujibu. Wewe mwite huyo mtu wa kampuni, mpe majalada mawili ya majaribio yenye jina moja, ayaunganishe, halafu ayatenganishe ukiwa unamtazama. Akishindwa, msisaini.