Dizeli kugoma asubuhi
Kaka wa Lindi, pikapu inayosumbua asubuhi ila mchana inawaka mara moja, usikimbilie kununua plagi za hita, zile zinazopasha injini joto kabla ya kuwaka. Kwa joto letu la pwani, hizo si za kwanza kushukiwa. Kama stata inazungusha kwa nguvu, tazama ekzosi. Moshi mweupe? Dizeli inafika ila haiungui. Hapo shuku hita, au kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Hakuna moshi kabisa? Dizeli haifiki. Kesho, kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza kile kipampu cha mkono juu ya filta mpaka kikaze. Ikiwaka papo hapo, kuna hewa inaingia: kagua mipira ya dizeli, klipu na oringi (pete ya mpira) ya filta. Mpira wenye ufa unaweza kuvuta hewa bila kuvuja hata tone. Fundi akitaka kufungua pampu kubwa ya dizeli kabla ya hapo, mkatalie.