Baba mkali, mama mpole

Shangazi, shikamoo. Binti yetu ana miaka minne. Mume wangu akisema jambo amesema; mtoto akichelewa kutii anafokewa, na mara nyingine anachapwa. Mimi siwezi, akilia tu nampa anachotaka. Juzi baba yake alimnyima simu wakati wa kulala, nikampa kisirisiri chini ya shuka. Mume wangu alipogundua tuligombana mbele ya mtoto. Anasema namdekeza, nami nasema anamtia woga. Nani mkosaji?
Mama Njia Panda

Marahaba, mwanangu. Mnachosema nyote wawili ni kweli, na ndiyo maana hamwishi kugombana.

Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani, Diana Baumrind, aliwachunguza watoto wa umri wa bintiyo pamoja na wazazi wao. Aliwakuta wazazi wa amri tupu, wazazi wasioweza kukataa kitu, na wengine walioshika msimamo huku wakimsikiliza mtoto na kumweleza sababu. Watoto wa hawa wa mwisho ndio walioonekana kujiamini na kujizuia zaidi. Mumeo ana msimamo, wewe una sikio. Mtoto anavihitaji vyote viwili kwa kila mmoja wenu.

Kilichonichoma mimi ni ile simu chini ya shuka. Usiku ule binti yako alijifunza kwamba neno la baba lina mlango wa nyuma, na mlango wenyewe ni mama. Tena kuhusu simu mumeo yuko sahihi: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa umri huu asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini.

Akija tena analia, chuchumaa macho yenu yalingane. Mwambie, "Najua unaitaka simu, na umekasirika. Leo imekwisha. Nikusimulie hadithi au nikuimbie?" Atalia zaidi. Kaa naye alie, mkono wako mgongoni mwake, na simu usitoe. Kesho huenda akalia kwa nguvu kuliko leo, maana anapima kama umebadilika kweli. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa.

Fimbo iachwe. Mtoto wa miaka minne hajaweza kuizuia hasira yake, na kumchapa hakumfundishi kuizuia, kunamfundisha kujificha. Zungumza na mumeo mtoto akiwa amelala, na uanze kwa kukiri kosa lako la simu, ndipo atakusikiliza. Kubalianeni sheria tatu tu za kuanzia, zile ambazo hakuna kati yenu atakayezilegeza.

Siku akifoka, usimkatize mbele ya mtoto. Subiri mbaki wawili. Lakini akiinua mkono kumpiga, usisubiri. Mchukue mtoto, toka naye nje, mazungumzo yatafuata baadaye.