Tuko sita na goti moja bovu, tutafika Santiago?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Sisi ni wanajumuiya sita hapa Malindi, tumepanga mwakani twende Hispania tukahiji ile njia ya Mtakatifu Yakobo hadi mji wa Santiago, kwa miguu. Sasa hata safari haijafika tushaanza kununiana mazoezini, wawili wanaenda mbio utadhani wanafukuzwa, mama mmoja goti lamsumbua, mwingine kila hatua picha. Tena tumesikia ni karibu kilomita mia nane, kweli lazima zote?
Mama Jumuiya, Malindi

JIBU: Mama Jumuiya, hizo mia nane si lazima. Hizo ni za anayeanzia Saint-Jean-Pied-de-Port kule Ufaransa, ni kama kilomita 780 na watu huchukua mwezi na zaidi. Ukitaka tu ile hati ya hija, Compostela, kilomita 100 za mwisho kwa miguu zatosha, ndio manake wengi huanzia mji wa Sarria. Mnatembea na kijitabu cha hujaji mnagongewa mihuri kanisani, mkahawani, mnapolala, na kwenye hizo 100 za mwisho iwe angalau miwili kwa siku. Na goti likigoma msidandie teksi mkarudi kudai hati, bora huyo mama apumzike siku nzima, kesho yake aendelee pale pale alipoachia.

Sasa hilo la kununiana, mimi naona mmejifunga bure, nani aliwaambia kuhiji pamoja ni kwenda unyayo kwa unyayo kutwa nzima? Haiwezekani, kila mtu na mguu wake. Mama wa goti atangulie alfajiri, wenye mbio walale kidogo, mpatane mahali pa chai ya saa nne na mahali pa kulala, bas. Kupotea si rahisi, kuna mishale ya manjano kwenye kuta, mawe na miti, kazi aliyoianza padre mmoja wa kijiji cha O Cebreiro njiani humo, Elías Valiña, miaka ya 1980. Ila kwa vile mko sita wekeni vitanda mapema kwenye nyumba za watu binafsi, manake zile za serikali ya Galicia, jimbo lenye Santiago, hazipokei oda, aliyefika ndiye alalaye, na huyo wa mbio hawezi kuwashikia wenzake vitanda.

Mzigo nao usizidi sehemu ya kumi ya uzito wako, yaani mtu wa kilo 70 abebe 7 na maji humo humo (mama wa goti alipie begi lipelekwe na gari, iko huduma hiyo na wala si dhambi). Raba ziwe kubwa kidogo sababu mguu huvimba, na msiende na mpya za dukani. Ukisikia tu kisigino kinachoma simama hapo hapo uvue soksi ubandike plasta, ukisema ngoja nifike ushapata lengelenge na siku tatu zinazofuata utazijua.

Mazoezi ya ufukweni ni mazuri lakini Malindi ni tambarare mno na Galicia ni panda shuka panda shuka, kwa hiyo siku moja moja nendeni Marafa asubuhi na mapema kabla jua halijawaka, mkapande na kushuka lile korongo la Nyari. Na koti la mvua msisahau, huko mvua hainyeshi kwa msimu kama kwetu. Viza ya Schengen, ya kuingilia Hispania, mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, msingoje.

SWALI: Mimi Muislamu, naishi Langoni, Lamu. Rafiki yangu Mzungu anatembea njia hiyo hiyo ananialika. Naruhusiwa?

JIBU: Ndugu yangu, hakuna anayekuuliza dini njiani. Ukifika Santiago watakuuliza sababu ya kutembea, kama ni ya dini au ya kiroho wanatoa Compostela, kama ni matembezi tu kuna hati nyingine. Chakula ndio uwe macho, nguruwe wanamtia hata kwenye supu ya mboga, uliza kabla ya kijiko. Lakini ukifika mji wa Melide njiani we kaa chini uagize pweza, wanamchemsha kwenye masufuria ya shaba, wanamkata kwa mkasi, mafuta ya zeituni, chumvi na paprika juu, kwenye sahani ya mti. Kando watakuletea mvinyo bila kuulizwa, sema mapema wewe ni maji.