Giaboksi Inavuma? Anza na Pedali ya Klachi

SWALI: Gari langu ni la zamani, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, giaboksi ya mkono yenye gia tano. Likiwa nyutro, injini inawaka, linavuma. Nikikanyaga klachi, mlio unakwisha. Barabarani nausikia kwenye gia zote isipokuwa ya nne. Fundi anasema tubadilishe seti nzima ya klachi. Nikubali?

JIBU: Usikubali bado. Beringi ya klachi, ile inayosukuma vidole vya presha pleti (bamba linalobana sahani ya klachi), hufanya kazi hasa pedali inapokanyagwa. Ikichakaa, mlio huanza wakati huo. Wako unakwisha wakati huo, kwa hiyo ubovu uko ndani ya giaboksi.

Ukiwa nyutro na mguu hauko kwenye pedali, shafti ya mbele, ile inayopokea nguvu ya injini, inazunguka, na inaizungusha shafti ya chini iliyobeba meno ya gia. Ukikanyaga klachi zote mbili husimama, ila si papo hapo. Rudia kipimo gari likiwa limesimama, breki ya mkono imekazwa, na subiri sekunde tano kabla ya kuamua.

Gia ya nne ndiyo inayotusaidia zaidi. Katika giaboksi nyingi za aina hii, gia hiyo hupitisha nguvu moja kwa moja kutoka shafti ya mbele hadi ya kutokea. Shafti ya chini inaendelea kuzunguka lakini haina mzigo, na mvumo uliobaki hufunikwa na kelele za matairi na upepo. Hivyo washukiwa wa kwanza ni beringi za shafti ya chini, kisha ile ya shafti ya mbele. Kama mlio ungesikika kwenye gia moja tu, tungeshuku meno ya gia hiyo. Kama ungebaki hata gari likiserereka nyutro klachi imekanyagwa, tungeangalia propela shafti inayopeleka nguvu nyuma, difu inayoigawa kwa magurudumu, na beringi za magurudumu.

Kabla ya kushusha giaboksi, kagua oili. Inua gari likae sawa juu ya stendi nne, si jeki peke yake. Fungua kwanza nati ya kujazia; ukimwaga oili halafu nati hiyo ikakataa kufunguka, gari halitoki hapo. Ingiza kidole: oili inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu. Ikiwa chini, tafuta sili inayovuja, maana upungufu huo huenda ndio uliozila beringi. Kisha mwaga na utazame sumaku ya nati ya chini. Ujiuji wa kijivu laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida: acha kuendesha, kwa sababu beringi ikivunjika shafti huyumba na meno yote yanafuata.

Usikubali kutiliwa oili nzito ili mlio upungue. Beringi iliyochimbika haiponi, na gia zitakuwa ngumu asubuhi.

Giaboksi ikishafunguliwa, badilisha beringi zote na sili kwa mara moja. Klachi nayo itakuwa wazi hapo, basi pima unene wa sahani yake. Ikiwa imelika hadi karibu na ribiti zinazoishikilia, hapo ushauri wa fundi una maana.

SWALI: Gia ya pili inakwaruza kuingia, hasa nikibadilisha haraka. Nyingine ziko sawa.

JIBU: Huenda ringi ya sinkronaiza ya gia ya pili, ile inayolinganisha mwendo kabla gia haijaingia, imechakaa. Hakikisha klachi inaachia vizuri: gari likiwa limesimama, kanyaga, hesabu hadi kumi, weka rivasi. Ikikwaruza hata hapo, rekebisha klachi kwanza. Ikiingia kimya, angalia oili. Ringi nyingi za zamani ni za shaba njano, na kitabu cha gari kikitaja oili ya daraja la GL-4 usiweke ya GL-5, kwani baadhi ya viambato vyake vya salfa huishambulia shaba.